Alfajiri ya Arua Huchelewa

Mgeni kutoka Mombasa akilala Arua, Uganda, mwezi wa Februari, asubuhi humchanganya. Anatazama saa: kumi na mbili na nusu. Anafungua dirisha: giza. Kwao wakati huo jua linachomoza. Hapa hata jogoo wa jirani bado anajishauri. Si macho yake. Saa tunayotumia sisi, Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa ni moja, nayo imepimwa kwa longitudo ya 45 mashariki, mstari unaopita Somalia karibu na Mogadishu. Arua iko karibu na ya 31. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua hutufikia karibu saa nzima nyuma ya saa ya ukutani. Novemba huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Februari saa moja inakuwa imeshapita. Nayasema haya kwanza kwa sababu watu wa Pwani wakisikia naamka saa kumi na moja hawashtuki, wao muda si mrefu watasikia adhana. Kwetu adhana bado. Kwetu huo ni usiku.

Nilikulia Oli, mtaa wa Arua ambako Kiswahili, Kinubi na Kilugbara hukutana kwenye sentensi moja. Mama aliuza mandazi kwenye kituo cha mabasi. Kampala iko kiasi cha kilomita 500, basi la asubuhi huondoka kabla hakujapambazuka, na abiria anataka kitu cha moto mkononi. Basi mama aliwasha sigiri wakati sisi tukigeukia ubavu wa pili. Haboba, bibi yetu, alikuwa ameshaamka kwa sala zake. Dada yangu mkubwa alibeba jerikeni kwenda kwenye pampu kabla foleni haijawa ndefu. Mimi nililala, maana nyumbani ilishaamuliwa kwamba wa kusoma ni mimi, na usingizi wangu ukawa sehemu ya karo. Sikumbuki mtu yeyote akimsifu mama kwa kuamka mapema. Siku hizi mwanamume wa ofisini akiamka saa hizo akakimbia barabarani na viatu vya michezo, tunamwalika akahutubie semina.

Kilichonifanya mtu wa usiku ni umeme. West Nile, eneo letu hili, ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Mji ulitegemea jenereta, na jenereta lilikuwa na saa zake. Nilipokuwa msichana taa ziliwaka jioni, zikazima kabla ya usiku wa manane. Saa hizo chache ndizo zilizobeba maisha yote: kupiga pasi, kuchaji simu, kutazama mpira kwa jirani, kusoma. Aliyelala saa tatu alionekana kama mtu anayemwaga maziwa. Nilisomea ualimu hivyo, nikaolewa hivyo, nikasahihisha madaftari hivyo, sikio moja likisubiri ule ukimya wa ghafla wa mji mzima. Mwaka 2012 bwawa la Nyagak, kule Zombo, lilianza kutoa megawati zake 3.5, saa za umeme zikaongezeka. Mwili wangu haukubadilika. Ulishafundishwa kwamba siku huanza taa zinapowaka, nao ukakaa hapo.

Watoto wawili wa kwanza hawakunitoa kwenye mazoea hayo. Watu hudhani mtoto mchanga ndiye anayemfundisha mzazi kuamka mapema. Mchanga hufundisha kuamka wakati wowote, jambo ambalo ni tofauti kabisa.

Kilichoniamsha ni mambo mawili yaliyokuja pamoja. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022 dunia nzima ilikuwa ikizitaja kwa kufungwa muda mrefu kuliko za nchi nyingine yoyote. Binti yangu mkubwa alirudi darasani sare ikimfika juu ya magoti. Mdogo wake hakuwahi kujua darasa ni nini, ilibidi aanze. Na wakati huohuo mimi nikapangiwa kufundisha Koboko. Baba yao alikuwa na kazi Adjumani, anarudi mwisho wa juma, na kuhama na watoto wakati ndiyo kwanza wamepata shule ilikuwa haiwezekani. Nikaamua kwenda na kurudi.

Arua hadi Koboko ni kiasi cha kilomita 55, unapitia Maracha. Zamani, kabla ya lami, safari hiyo ungeipangia siku yake. Vumbi lilikufanya ufike na nyusi za kizee. Lami ndiyo iliyoniwezesha kuishi mji mmoja na kufundisha mwingine, lakini lami haijazi teksi. Dereva haondoki mpaka kiti cha mwisho kikaliwe, na katikati ya wiki, gizani, kiti hicho hukaliwa pale kinapotaka. Ili nisimame mbele ya darasa saa mbili, ilinibidi niwe stejini saa kumi na mbili. Kabla ya hapo watoto waoge, wanywe chai, na niwakabidhi kwa mke wa jirani ambaye alikuwa akiwapeleka wake shule hiyohiyo. Piga hesabu kurudi nyuma, utakuta saa kumi na moja imekukalia pale, huna pa kuikwepea.

Kwa muda mrefu niliamka bila kubadilika. Namaanisha niliamka saa kumi na moja na bado nikalala saa sita, nikasinzia kwenye teksi mdomo wazi, nikawa mkali kwa watoto kwa ajili ya soksi. Simu ilipiga kengele, niliizima kwa mkono ulioijua njia. Nilijaribu kuiweka mbali na kitanda, nikamwamsha mtoto badala yangu.

Jioni ndiyo iliyotoa jibu, na halikuwa jibu la kupendeza. Nililala na watoto. Saa tatu, wao wakilala, mimi nalala. Maharage yachemshwe mapema, sare zipigwe pasi Jumapili zote, maji ya moto yalale kwenye chupa ya chai. Majirani walidhani ninaumwa. Mmoja alikuja na embe kunijulia hali. Oli ni mtaa wa jioni: watu hutembeleana baada ya Isha, maneno ya harusi hupangwa usiku, msiba hukeshwa. Nilianza kusikia habari siku moja baadaye. Shoga yangu wa utotoni aliacha kupita, si kwa ugomvi, ila mtu hawezi kubisha kila mara kwenye nyumba yenye giza. Wanaosifia kuamka mapema huitaja asubuhi waliyoipata. Jioni waliyoiuza hawaitaji, na mara nyingi wameiuza ya mtu mwingine pia.

Koboko nayo ilinifundisha kutoiheshimu saa kupita kiasi. Mji uko kwenye kona ya nchi tatu. Kongo ya upande ule hutumia saa iliyo nyuma ya yetu kwa saa nzima, kama ilivyo kwa Aru, ng'ambo ya mpaka wa Vurra kwa upande wa Arua. Sudan Kusini ilikuwa pamoja nasi mpaka tarehe 1 Februari 2021, iliporudisha saa zake nyuma. Tangu hapo Koboko imezungukwa. Ukiagana na mfanyabiashara lazima useme ni saa ya Uganda au ya kule. Darasani mwangu walikuwamo vijana waliokimbia Yei, Sudan Kusini, baada ya mapigano ya 2016, na mmoja aliyechelewa alijitetea kwamba simu yake imeshika mtandao wa Kaya, ng'ambo ya mpaka. Nilimwacha aketi, maana darasa lote lilishacheka. Mwalimu mwenzangu anayetoka upande wa Oraba alikuwa akisema akitaka saa moja zaidi ya kulala, avuke mpaka tu. Nami nilijua kwamba kilomita chache magharibi ya kitanda changu, saa yangu ya kishujaa inaitwa saa kumi. Jua halikujali jina. Ukweli ni kwamba watoto wetu wa West Nile hutembea kwenda shule gizani kwa sababu ya mstari unaopita karibu na Mogadishu, na sijaona mwanasiasa aliyeomba kura kwa ajili ya hilo.

Usingizi ulipokaa sawa, nilianza kuamka kabla ya kengele. Saa kumi na nusu hivi, nyumba imetulia, nikawa na kipande cha muda ambacho hakuna aliyekitaka. Mwanzoni nilikipa madaftari. Baadaye nikaona nikikijaza kazi kitakuwa kazi nyingine tu, nikaanza kukaa na chai na kitabu, au na chai peke yake. Mtoto wa kati, mwenye usingizi mwepesi, alinigundua. Alikuja akakaa kwenye jamvi bila kusema, kisha akaanza kusema, na kumbe mtoto yule mkimya ana maneno mengi saa hizo: nani alimnyang'anya kalamu, kwa nini hapendi mwalimu wa hesabu, kama mama yangu alipokimbia vita kwenda Zaire, Kongo ya leo, mwaka 1980 alibeba sufuria. Muda haukuwa wangu tena. Sikudai urudishwe.

Sasa nimehamishiwa shule ya karibu na nyumbani, stejini siendi. Bado naamka. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 2024 gridi ya taifa ilifika rasmi, na ule ukimya wa ghafla haupo kama zamani. Binti yangu mkubwa, aliye sekondari, husoma usiku. Nilimhubiria faida za alfajiri, akanisikiliza kwa adabu, “Sawa, Mama,” kisha akaendelea. Kuna siku natoka chumbani nakuta yeye ndiyo kwanza anafunga vitabu, tunapishana mlangoni kama walinzi wa zamu mbili. Nilikuwa nikingoja matokeo ya muhula yanisaidie kwenye mjadala. Yalipotoka alikuwa amefanya vizuri kuliko nilivyowahi kufanya mimi katika umri wake, hivyo hoja yangu ikakosa miguu, na yeye akaomba taa ya mezani.