Mama mzito barabarani, sehemu ya 5: Siku ya spidi

Wiki iliyopita mmoja wenu aliniuliza, "Nesi, wewe na spidi wapi na wapi?" Nimecheka sana, ila swali ni la haki. Tunaendelea.

Kwa wageni: mwenzenu nakimbia taratibu mno. Mwaka jana kwenye Kilimanjaro Marathon, pale Moshi, nilimaliza kilomita 42 kwa saa 6 na dakika 5. Kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka nilikitembea kama mtu anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Safari hii nataka saa 5 na nusu, yaani kila kilomita isizidi dakika 7 na sekunde 49. Kwa hesabu hiyo ule mwendo wangu mmoja wa siku zote hautoshi. Mwili ukishauzoea unabaki hapo hapo. Inabidi siku moja kwenye wiki uusumbue moyo na mapafu, halafu siku nyingine ukimbie polepole kiasi cha kuweza kupiga soga na jirani.

Zoezi nililochukua linaitwa Yasso 800, kwa jina la Bart Yasso, Mmarekani aliyekuwa wa jarida la Runner's World. Ukitaka marathon ya saa 5 na dakika 30, unakimbia mita 800 kwa dakika 5 na sekunde 30, unatembea au kujikokota muda kama huo huo, unarudia. Wenyewe wanafika mara 10. Mimi nilianza na 3, baada ya dakika 15 za kupasha mwili. Ila msiifanye ramli jamani. Kuzipata hizo 800 haina maana kwamba 42 zimeiva. Zile kilomita ndefu za Jumapili hazina mbadala. Nimeipenda kwa sababu inampa hata mtu wa mwisho spidi yake mwenyewe.

Nakimbilia uwanja wa shule ya msingi, saa 12 asubuhi, siku ambazo sijatoka naiti. (Umetoka naiti? Lala.) Wanafunzi wanaowahi kufagia wananisindikiza na fagio mkononi, na wananipita.

Sasa nifike penyewe. Jumanne ya kwanza, kwenye 800 ya pili, mkojo ulinitoka. Sio tone, ulitoka hasa. Nashukuru nilivaa suruali nyeusi. Nikikimbia polepole haijawahi kutokea, spidi ndiyo iliyofichua. Unapokimbia kwa kasi, kila mguu unapotua tumbo linasukuma chini kwa nguvu zaidi, na ile misuli ya chini inayobeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa inatakiwa ihimili. Ya kwangu imepitisha watoto wawili, wa pili kilo 4.1.

Usiku nikamwambia baba watoto naacha spidi, na pengine naacha na mbio zenyewe. Akaniuliza, "Mama wa kliniki akikwambia hivyo, unamjibuje?" Kesho yake nikaenda kwa mwenzangu wa fiziotherapia, akanipima, akanipa kazi.

Mama zangu, hili nalisikia kazini kila wiki, na karibu kila mara mama analisema akiwa ameshashika kitasa cha mlango anaondoka. Amekohoa, amecheka, ameruka dimbwi, kalowa. Kaambiwa na shangazi zake kwamba ndivyo uzazi ulivyo. Ni kweli linawapata wengi, lakini kuwapata wengi sio sababu ya kulivumilia miaka 20.

Zoezi lenyewe halihitaji uwanja. Bana kama vile unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, bila kukaza makalio wala kubana pumzi. Shikilia mpaka sekunde 10 ukiweza, ukianza na 3 sio mbaya, kisha achia kabisa. Kuachia nako ni sehemu ya zoezi, wengi wanakuruka. Fanya mara 8 mpaka 10, mara 3 kwa siku, kwa muda wa miezi 3 angalau kabla ya kusema halifanyi kazi. Usilifanye wakati unakojoa. Na ukihisi chafya inakuja, bana kwanza ndipo upige.

Kama umejifungua juzi juzi, mbio zisubiri miezi 3 angalau, tembea kwanza. Ukihisi uzito au kitu kinashuka ukeni, simamisha mazoezi uende hospitali. Na kama mkojo unatoka muda wote, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, hapo usihangaike na kubana, maana inaweza kuwa fistula, na fistula inatibiwa hospitali. Dar es Salaam wapo CCBRT, wanaitibu bure. Mwambie na dada wa kijijini.

Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mwaka 2018, akarudi akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mwaka 2021 na tena 2024. Simfananishi na mimi, jamani! Ila nikimwangalia anavyomaliza mzunguko wa mwisho, siku hizi nawaza misuli ambayo mtangazaji haitaji kamwe.

Mimi niko wiki ya 13 tangu nianze kubana. Spidi niliirudia kidogo kidogo, kwanza dakika moja moja, kisha mita 400, ndipo 800. Jumanne hii nimefanya 6. Ya haraka kuliko zote dakika 5 na sekunde 34, ya mwisho 5 na 47. Pedi bado navaa. Imetoka kavu, isipokuwa ile ya mwisho, ilipata unyevu kidogo. Moshi bado wiki 9.

Wenye maswali ya siri njooni inbox, najibu nikitoka zamu. Alhamisi tunaongelea chakula cha kabla ya kilomita 30, maana mimi na uji wa ulezi tuna kesi.