Kombe la Ziwa na Nasaba Yake

Katika Tabora ya zamani, ambayo wageni wa karne ya 19 waliijua kwa jina la Kazeh, mavazi yaliweza kumpa mtu jina jipya. Kijana wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani na mzigo wa pembe alirudi na kanzu na kofia, Kiswahili kikimtoka kinywani, akataka kuitwa mwungwana. Na wengi walimkubalia. Lakini lilipokuja jambo la posa au la urithi, wazee hawakuitazama kanzu. Waliuliza baba yake ni nani, na mama yake wa ukoo gani.

Swali kama hilo liliwashughulisha wataalamu wa Ulaya kwa muda wa miaka sitini, na halikuwa juu ya watu bali juu ya makombe na konokono waliopita Tabora katika mizigo ya msafara. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh Novemba, na Februari 1858 wakaliona Ziwa Tanganyika. Huko Speke, ijapokuwa macho yalimwuma hata akawa haoni vema, alikusanya magamba. Yalirudi kwa njia ile ile, Ujiji hadi Kazeh, Kazeh hadi pwani, juu ya mabega ya wapagazi ambao hakuna hata mmoja aliyepewa kombe la jina lake.

Mwaka 1859 Samuel Pickworth Woodward wa London aliyaeleza magamba hayo. Makombe yalikuwa mawili: moja aliliita Unio burtoni, la pili Iridina spekii. Burton na Speke waligombana vibaya baada ya safari, wala hawakupatana hata Speke alipofariki mwaka 1864. Lakini katika ziwa majina yao yamelala pamoja katika tope moja. Konokono mmoja Woodward alimwita nassa, jina la konokono wa baharini, kwa kuwa sura zilifanana. Jina hilo dogo lilikuwa dalili ya matata makubwa yatakayokuja.

Ajaye kutoka Unguja na kulichukua kombe la Speke mkononi angeweza kustaajabu. Kombe ambalo wanawake wa Unguja huliokota maji yakipwa, ambalo Linnaeus aliliita Arca antiquata mwaka 1758 na leo huitwa Anadara antiquata, lina bawaba yenye safu ya meno madogo mengi. Kombe la Speke nalo lina meno mengi bawabani, hata likatiwa katika jenasi Pleiodon, maana yake ni meno mengi. Je, si ndugu?

J. E. S. Moore, aliyefika ziwani mara mbili kati ya 1895 na 1900, aliliuliza swali hilo kwa konokono, na kwa konyeza aliyeonekana katika maji baridi yale. Akajibu kwamba ndiyo: ziwa lilikuwa mkono wa bahari ya kale, ya zama za Jurasiki, na konokono wake ni masalio ya wale waliogeuka mawe huko Ulaya. Kitabu chake cha 1903 kina ushujaa wa fikira, na ni dhuluma kukicheka. Alikosea kwa kuwa aliiamini kanzu.

Zama za Jurasiki zilikwisha yapata miaka milioni 145 iliyopita. Ufa uliolizaa ziwa una umri wa miaka milioni 9 hadi 12 hivi. W. A. Cunnington, aliyelichunguza ziwa mwaka 1904 na 1905, aliikataa rai ya Moore katika maandishi yake ya 1920. Ugumu wa magamba una sababu yake papo hapo ziwani: wamo kaa wenye makoleo ya kuvunjia, na mwenye gamba jembamba huliwa kwanza.

Na makombe? Nasaba yao imo ndani, katika malezi. Mtoto wa kombe la Unguja huachwa achukuliwe na maji ya bahari. Makombe ya ziwani ni ya ukoo mkubwa wa Unionida, ambao mama huyalea mayai katika matamvua yake, na watoto wa wengi wao hujishikiza kwa samaki mpaka wapate nguvu. Mila hiyo ni ya mito, si ya bahari.

Kombe la Burton lilihamishwa na Bourguignat mwaka 1885 likawa Grandidieria burtoni. Sheria ya majina ni kwamba nyumba ikibadilika, jina la kwanza la mtoto hubaki. Ndiyo maana huandikwa Woodward na mwaka 1859 katika mabano. La Speke halijatulia: vitabu vingine huliita Pleiodon spekii, vingine hulirudisha Iridina, pale pale Woodward alipoliweka.