Nilimpa alime

Najua nimekuwa kimya. Mwezi mzima huu nimepangiwa mahakamani, na mwandishi wa mahakamani hana saa yake mwenyewe. Unafika saa mbili asubuhi, kesi inatajwa saa sita, inaahirishwa, unarudi chumba cha habari mikono mitupu na mhariri anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeiahirisha.

Lakini leo sisimulii ya kazini. Nataka kuwasimulia habari ya baba yangu mdogo na karatasi kumi na moja alizokuwa amezihifadhi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Ilikuwa Desemba 2019. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huo huo, nikaenda kijijini kula Krismasi, natembea kifua mbele. Baba mdogo akaniita ndani, akafunga mlango, akavuta sanduku. "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Hebu nisomee hizi."

Ilikuwa nakala ya hukumu ya shauri lake la shamba. Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Kwamba ameshindwa alijua, maana aliambiwa siku ile ile. Alichokuwa hajui ni kwa nini.

Nakiri kosa langu: nilijisikia mtu. Nikawa nasoma kwanza kwa Kiingereza, kwa sauti, ndipo nitafsiri. Nilipofika ukurasa wa saba nikakuta imeandikwa kwamba yeye mwenyewe, baada ya kuapa, alikiri kumpa jirani yake shamba. Nikamtafsiria. Mzee akanyanyuka kitini.

"Sikusema hivyo. Nilisema nilimpa alime."

Nilimpa alime! Mtoto wa darasa la tatu anajua tofauti yake. Ukipewa ulime hujapewa shamba. Msimu ukiisha, shamba lina mwenyewe. Baba mdogo alitoa ushahidi kwa Kiswahili, anayesikiliza akawa anaandika kwa mkono, kwa Kiingereza, huku watu wengine wakisubiri nje. Hapo katikati kitenzi kimoja kikabaki njiani. Sisemi Kiingereza hakina namna ya kulisema jambo hilo, kinayo. Wala sisemi kwamba hakukuwa na ushahidi mwingine, pengine angeshindwa tu. Lakini angeshindwa kwa maneno aliyoyasema.

Na siku za kukata rufaa? Zilishapita. Zilipita zikiwa ndani ya sanduku, zikinisubiri mimi nimalize mitihani.

Simlaumu aliyeandika. Alikuwa anatii sheria. Nilipoanza kazi ndipo nikajua mambo haya yalivyopangwa, na nikajua pia kwamba hayakuanza jana.

Wajerumani walipotawala Tanganyika waliendesha sehemu kubwa ya utawala wao kwa Kiswahili, kupitia maakida na makarani. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakajenga ghorofa mbili: chini Kiswahili kwa wenyeji na mambo yao madogo, juu Kiingereza kwa mambo "makubwa". Sheria nazo zikaja kwa meli. Kwanza tukatumia kanuni za adhabu za India, kisha mwaka 1930 tukapata zetu, ambazo ndizo zilizoendelea kuwa Sura ya 16 ya sheria za nchi. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 imefuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872. Na ukifungua Sura ya 358 utakuta tarehe 22 Julai 1920: mahakama zetu zitumie pia sheria za jumla zilizokuwa zikitumika Uingereza siku hiyo. Siku hiyo babu yake nani aliulizwa?

Uhuru tukaupata mwaka 1961. Bunge likajadili kwa Kiswahili, shule za msingi zikafundisha kwa Kiswahili. Lakini ile nyumba ya ghorofa mbili mahakamani haikubomolewa. Mahakama ya mwanzo iliandika kwa Kiswahili. Kuanzia wilayani kwenda juu, shahidi alisema Kiswahili, jalada likaandikwa Kiingereza. Na rufaa haisikilizi mtu, inasoma jalada.

Mwaka 2021 ndipo mambo yakageuka. Februari mosi, Siku ya Sheria, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zepharine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwezi huo huo Bunge likapitisha marekebisho yanayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, ya mahakama na ya mabaraza, Kiingereza kikibaki pale haki inapohitaji hivyo. Ilichukua karibu miaka 60 tangu bendera ya Waingereza ishushwe.

Nilishangilia, na bado nashangilia. Lakini wanasheria wetu wamesomea kazi hiyo kwa Kiingereza, na sekondari bado tunafundisha kwa Kiingereza. Na tuwe wakweli, sisi tuliosoma tunafaidi. Pengo lile ndilo linalonipa mimi mkate: nachukua Kiingereza cha wakubwa, nakifanya Kiswahili cha gazeti, nalipwa. Kijijini naitwa msomi kwa sababu tu karatasi za wazee wangu ziliandikwa kwa lugha wasiyoijua. Mkoloni aliondoka, lakini ile nafasi ya mtu wa katikati, anayejua cha wakubwa na cha wadogo, hakuondoka nayo. Tumeikalia sisi, na kiti kina mto laini.

Pasaka iliyopita nilikwenda kumsalimia. "Shikamoo baba mdogo." "Marahaba mwanangu. Eti siku hizi wanaandika Kiswahili?" Nikamwambia ndiyo, sheria ilibadilishwa. Nikamweleza vizuri, kama ninavyowaeleza ninyi hapa, na miaka na vifungu. Akasikiliza mpaka mwisho. Nje, ng'ambo ya mfereji, watoto wa jirani walikuwa wakipalilia shamba lile.

"Vizuri," akasema. "Basi na ile yangu waiandike upya."

Nilikunywa chai yangu ikaisha sijamjibu. Ninyi mngemwambia nini?