Ubao Mkubwa, Mawimbi na Stara Yetu

Mabibi harusi wanaokuja kupimwa nguo kwetu huuliza: fungate tunakwenda Paje, baharini tutacheza vipi na stara zetu? Leo tunawajibu kwa yale tunayoyafanya wenyewe.

Sisi wanawake wa cherehani tuna ubao wa kusimamia wa futi 12, mpana karibu kama mlango. Unasimama juu yake ukipiga kafi. Tumezaliwa kisiwani, lakini wengi wetu tumekua hatujui kuogelea. Bahari kwetu ilikuwa mwani na chaza, maji mwisho magotini. Basi kwanza tulijifunza kuogelea, ndipo tukanunua ubao. Msipindue mpango huo, dada zetu.

Paje mawimbi makubwa huvunjikia mwambani, mbali. Maji yakijaa, mawimbi madogo hufika hadi ufukweni, na hayo ndiyo yetu. Kusi likikaza, tunabaki nyumbani.

Ubao mkubwa una heri yake: umetulia, hata mwenye mwili anasimama. Una shari yake pia: wimbi likiukamata, ni gogo. Kwa hiyo kamba ya mguuni haivuliwi. Wimbi tunalielekea kwa ncha, halitukuti ubavuni. Povu likifika tunapiga magoti. Tukianguka, tunaangukia pembeni, mbali na ubao. Na hatusimami kamwe kati ya ubao na ufukwe, kwani wimbi litautupa juu yetu.

Sasa nguo. Buibui la pamba likilowa huwa zito na huzonga miguu. Hilo si stara, ni hatari. Tunashona kanzu fupi ya magotini na suruali, kwa kitambaa cha naironi kinachovutika, kisichoonesha mwili kikilowa. Mshono ni wa zigizaga, wa kawaida hukatika ukivutwa. Ndani ya kanzu tunatia vitanzi vya kufungia kwenye suruali, maji yasiipandishe. Kilemba kinaungana na kanzu, hakina pini.

Wapo wanaosema mke wa mtu hachezi. Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), akamshinda, baadaye alipoongezeka mwili, Mtume akamshinda yeye. Mchezo wa mke na mume una asili nzuri kuliko maneno ya barazani.

Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, siku aliyosimama mara ya kwanza alisema "Alhamdulillah" kwa sauti, kisha akaanguka chubwi! Alitoka majini anacheka, kilemba hakijasogea.

Bi harusi, kwenye sanduku lako tia nguo ya kuogelea kando ya khanga na udi. Lakini anza na masomo ya kuogelea, miezi miwili kabla ya nikaha. Mwambie na bwana harusi ajifunze. Mungu awajaalie mapenzi na salama, amin.