Sindano ya Usiku, Sabuni ya Mchana

Nilisomea kazi ya maabara nikidhani nitakuwa mtu wa mchana: koti jeupe, hadubini, saa kumi jioni nyumbani. Matende yakanifanya mtu wa usiku. Watoto wa mdudu wa matende hujitokeza katika damu ya ngozini baina ya saa nne za usiku na saa nane, kisha mchana hujificha ndani ya mishipa ya mapafu. Ukimtoboa mtu kidole asubuhi, kioo chaweza kuwa kitupu na mwenyewe amejaa minyoo. Wamefuata saa za mbu. Patrick Manson, daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Amoy, China, ndiye aliyeonyesha mwaka 1877 kwamba mdudu huyu huingia katika mbu anayefyonza damu na kukua humo. Kwetu Mishomoroni, Mombasa, mbu huyo hana haja ya kutafutwa mbali. Nyumba zimesongamana, vyoo vingi ni vya shimo, na mbu wa Culex hupenda kutaga katika maji machafu kuliko masafi.

Kumgongea mtu mlango saa tano za usiku, mkononi una sindano, si kazi ya maabara peke yake. Wazee wetu wamekua na habari za mumiani, na sisi tulikuwa twaja gizani kutaka damu. Basi hatukwenda kabla mzee wa mtaa hajapita nyumba kwa nyumba na imamu hajasema neno baada ya sala ya isha. Hata hivyo bibi mmoja, kando ya njia ya Junda, alinishika mkono.

"Mwanangu, damu hii mwaipeleka wapi?"

Nikamwonyesha matone yake juu ya kioo. Akasema haya, nipeleke, lakini akija maabara atakitaka kioo chake akione.

Akaja kweli. Nilikuwa nimeshakausha damu, nimeitoa wekundu kwa maji na kuitia rangi ya Giemsa, nikamwekea chini ya hadubini. Akafumba jicho moja, akatazama kwa muda. Kule ndani kulikuwa na kijidudu kama uzi uliojikunja, kimevaa ala yake. Nilitaraji aniulize kama atapona. Aliuliza, "Na mamake yuko wapi?"

Swali hilo ndilo lililonitoa katika damu. Mamake, mwenye urefu wa sentimita nane hadi kumi na wembamba wa uzi, hakai katika damu kamwe. Hukaa katika mishipa ya limfu, akazaa humo kwa miaka mingi, na mishipa hiyo ndiyo niliyokuwa nimeisoma chuoni kwa ukurasa mmoja na nusu nikaisahau baada ya mtihani.

Kila siku maji, kiasi cha lita kadhaa, huvuja kutoka mishipa midogo ya damu na kuingia katika nyama. Limfu ndiyo inayoyarudisha. Moyo hausukumi limfu. Mishipa yenyewe hujibana. Imegawanyika vipande vipande, kila kipande kina vali mbele na nyuma, na kila kimoja hujaa, kikajikaza, kikamwagia cha juu yake, kama mafundi wanaopokezana karai za zege siku ya kumwaga slabu. Kalisiamu huingia katika chembe za misuli ya ukuta na ukuta hujikaza. Chembe za ndani hutoa naitriki oksaidi na ukuta hulegea. Mara chache kwa dakika, usiku na mchana, hata mwenye mguu akiwa amelala.

Hili la mishipa kujibana yenyewe lina historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1852 Mwingereza Thomas Wharton Jones alitandaza bawa la popo chini ya hadubini akaona vena zake za damu zikipiga zenyewe kwa mdundo wake. Sisi Mishomoroni popo twamjua kwa kutumalizia maembe tu. Kwa binadamu, Waldemar Olszewski na Arnfinn Engeset walitia mirija myembamba ndani ya mishipa ya limfu ya miguu ya watu hai, wakapima presha, wakachapisha mwaka 1980: limfu ya mguu hupanda hasa kwa nguvu ya mishipa yenyewe.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu lilibadili jinsi ninavyoutazama mguu uliovimba. Tulifundishwa kwamba mnyoo huziba mshipa kama kizibo. Picha za altrasaundi zilizotolewa Recife, Brazil, mwaka 1994 zilionyesha minyoo hai ikichezacheza ndani ya mishipa iliyopanuka. Mshipa uliopanuka vali zake hazikutani, na kila ukijikaza maji hurudi chini. Maji yakituama, bakteria huingia kwa ufa wa katikati ya vidole, homa na mtoki hufuata, na uvimbe wenyewe huzidi kuudhoofisha mdundo. Kila homa huuacha mguu mnene kuliko ulivyokuwa.

Kwa hiyo nikahama. Nilimaliza miaka yangu ya kazi katika chumba cha mabeseni, nikiosha miguu. Wenzangu wa maabara waliona nimejishusha, na mimi sikuona haja ya kubishana nao. Waliokuja kwangu wengi walikuwa wameambiwa wamekanyaga kitu walichotegewa, wakauza mbuzi na dhahabu kwa waganga. Sikuwatukana waganga. Nilimwambia mgonjwa: osha kila siku kwa maji safi na sabuni, kausha baina ya vidole, tibu kidonda kidogo kikiwa kidogo, lala umeuinua mguu, zungusha kifundo, vaa viatu. Mshipa uliochoka wasaidiwa. Baada ya miezi, homa zilikuwa zikipungua hata kwa wale ambao mguu haukurudi.

Dawa nayo ina kazi yake. Kenya ilianza kuigawa kwa umma Kilifi mwaka 2002, na mwaka 2018 Jomvu, ng'ambo ya hori kutoka kwetu, pamoja na Lamu, zikapewa tatu kwa mpigo: ivamektini, DEC na albendazoli. Dawa hizi huwasafisha watoto wa mdudu ili mbu akose cha kubeba. Mshipa uliokwisha kupanuka haziukazi. Miaka ya karibuni doksisaiklini ilijaribiwa Mali, India na Sri Lanka kwa wenye miguu iliyovimba, waliopewa dawa na waliopewa vidonge vitupu wote wakifundishwa kuosha mguu. Waliopewa dawa hawakuwapita wenye vidonge vitupu. Sabuni, kwa maoni yangu, ilistahili sifa kubwa kuliko iliyopewa.

Kwa wanaume ambao ugonjwa huu umewaletea mabusha neno langu ni fupi: upasuaji upo, acheni kujificha ndani ya kikoi. Na wahudumu wa afya wakipita mtaani na vidonge, mezeni nyumba nzima, kwani wengi wenye wadudu katika damu hawana dalili yoyote. Wa kuachwa ni mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 2 na mgonjwa mahututi.