Naam na Labeka

Mwaka 1901, mjini Frankfurt, tabibu Alois Alzheimer alimwuliza mgonjwa wake, Auguste Deter, jina la mumewe. Akajibu: Auguste. Alipotakiwa aandike jina lake mwenyewe aliandika "Bibi", yaliyobaki yakampotea. Alifariki mwaka 1906, ubongo wake ukachunguzwa kwa hadubini, na mwaka 1910 maradhi yakapewa jina la tabibu.

Habari hizi nilizisoma usiku, mama amelala chumba cha pili. Yeye ndiye aliyenifunza vina kabla sijajua kusoma. Sasa huniita kwa jina la kaka yake marehemu, nami huitika "naam", si "labeka" ya mtoto. Wapo wanaoniambia nimsahihishe. Sithubutu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 demensia, ambayo Alzheimer ndiyo aina yake iliyoenea zaidi, iliigharimu dunia dola trilioni 1.3, takriban nusu ikiwa ni kazi ya walezi wa nyumbani, wengi wao wanawake. Humo yumo dada yangu, aliyeiacha cherehani yake apate kumwogesha mama. Mimi humlisha uji asubuhi, kisha hujifungia na makamusi yangu.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha lecanemab, dawa inayoondoa mabonge ya protini ubongoni na kupunguza kidogo kasi ya maradhi yakiwa machanga. Ya mama si machanga.

Jana nilimsomea ubeti mpya. Akanikatiza: mizani imepungua moja. Nikahesabu kwa vidole. Ilikuwa imepungua.