Dereva na Konda Wake

Daladala ziliporuhusiwa rasmi Dar es Salaam mwaka 1983, kwa kuwa UDA, shirika la umma la mabasi, lilikuwa limeelemewa, zilizaa namna ya kufanya kazi ambayo sasa naiona ikififia. Nakumbuka konda aliyening'inia mlangoni akigonga bodi kwa kiganja. Dereva, asiyeweza kumwona kwa msongamano, alijua kwa mlio ule kama kuna mtu anashuka, kama kushoto kuna pikipiki, au kama ni wakati wa kuondoka. Hawakuelewana hivyo kwa sababu ya upole. Wengi hawakuwa na mkataba wa maandishi. Jioni tajiri, mwenye gari, alitaka hesabu yake, yaani kiasi alichokipanga, mafuta yalipwe, na kilichosalia ndicho walichogawana. Uzembe wa mmoja uliingia moja kwa moja mfukoni mwa mwenzake.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kati ya Kimara na Kivukoni, na kazi ile ikakatwa vipande: tiketi dirishani, mlinzi getini, dereva peke yake kwenye usukani. Kila mmoja ana msimamizi wake. Anayekata tiketi ndiye abiria wanayemuuliza basi liko wapi, naye mara nyingi hana la kuwajibu; dereva naye hufika kituoni bila kujua umati unaomsubiri. Wote wawili wanaweza kuwa wachapakazi hodari, na abiria bado akateseka katikati yao.

Wapo watakaosema kwamba umoja wa dereva na konda ulimuumiza abiria huyohuyo: kukatisha ruti, kufukuzana barabarani, kuwaacha wanafunzi kituoni kwa kuwa nauli yao ni ndogo. Ni kweli, na si jambo la kupuuza, maana watu walikufa kwa mbio zile. Lakini kilichowasukuma ni hesabu ya tajiri. Pale ambapo mshahara ni wa uhakika, ishara zilezile za konda zingeokoa maisha. Kwa hiyo simtakii mfanyakazi yeyote arudi kwenye hesabu. Ninachodai ni kwamba mshahara pekee haujengi ushirikiano: watu wa zamu moja wapewe redio ya kuzungumza wao kwa wao, wakutane kabla ya kuanza kazi, na wapimwe pamoja kwa muda ambao abiria amesubiri, badala ya mmoja kupimwa kwa tiketi na mwingine kwa safari.